Uzi: Wafo za nyumbani kwa kifungua kinywa cha wikendi: rojo, joto la mashine na matunda ya msimu ya kuwekea juu

#1 UngaNaMizani

Wakuu, salaam. Maswali ya wafo (waffles, zile zenye mashimo ya mraba zinazookwa kati ya vyuma viwili vya moto) yamekuwa yakiibuka kwenye nyuzi za keki, za maandazi, hata za majiko ya gesi, na majibu yake yametawanyika. Naanzisha uzi huu tuyaweke pamoja. Wajuzi karibuni mkosoe na kuongeza.

Kabla ya vipimo kuna jambo moja linalobeba yote. Rojo la wafo karibu nusu yake ni maji: yamo kwenye maziwa, kwenye mayai, hata kwenye siagi. Kazi ya mashine ni kuyafukuza yawe mvuke upesi, nje pakauke na ndani pabaki laini. Karibu kila lalamiko (zimelegea, zimenata, zimepauka) chanzo chake ni maji yaliyobaki au yaliyotoka polepole. Na tunda la msimu likiwekwa vibaya, linayarudisha maji yaleyale uliyoyafukuza.

Vipimo vya wafo 5 au 6 za duara, upana sm 18:

Unga wa ngano mweupe g 220
Wanga wa mahindi g 40 (ule mweupe laini wa kuongezea uzito mchuzi, si unga wa ugali)
Bekingi pauda vijiko vya chai 2
Chumvi nusu kijiko cha chai
Sukari vijiko vya chakula 2
Iliki punje 4, imenywe na kutwangwa
Mayai 2
Maziwa ml 350, yasiwe ya baridi
Siagi g 90, iyeyushwe ipoe kidogo

Asiye na mizani: unga ni kikombe kimoja na nusu cha ml 250, ukiujaza kwa kijiko bila kushindilia, wanga ni vijiko vya chakula 5 vya kusawazisha. Ukichota unga kwa kikombe moja kwa moja kutoka mfukoni unaongezeka sana, na rojo linakuwa zito.

Chekecha vikavu vyote kwenye bakuli kubwa. Bakuli la pili piga mayai na maziwa, halafu mimina siagi huku unakoroga. Maziwa yakitoka friji siagi inaganda vipande, ndiyo maana nasema yasiwe ya baridi. Fanya shimo katikati ya unga, mimina majimaji yote kwa mkupuo, koroga kwa mwiko mizunguko 15 hadi 20, basi. Vidonge vidogo viache. Ukikoroga mpaka rojo liwe laini kabisa unaamsha ule mvutiko wa ngano tunaoutaka kwenye chapati, na wafo inatoka ngumu ya kutafuna. Wanga wa mahindi upo kwa sababu hiyohiyo: hauna mvutiko, unapunguza nguvu ya unga na kusaidia nje pakauke. Mwenye unga wenye nguvu wa kuokea mikate aongeze wanga ufike g 60 na kupunguza unga uwe g 200.

Liache rojo dakika 10 hadi 15 unga unywe maji. Muda huo washa mashine na uipashe dakika 8 hadi 10, hata kama taa imesema tayari dakika ya tatu. Taa inasoma joto la pale kilipo kihisio, na chuma chote hakijafika hapo.

Paka mafuta kidogo kwa brashi, mimina rojo katikati lifunike kama theluthi mbili za uso, funga. Usifungue. Mvuke utatoka kwa wingi, utapungua, kisha utakaribia kukoma. Hapo ndipo unaangalia, mara nyingi ni dakika ya 4 hadi ya 6. Ukiinua kifuniko kikavuta, usilazimishe; funga tena dakika moja. Wafo isiyoiva inapasuka katikati, nusu inabaki juu na nusu chini.

#2 Zawadi_K

Asante sana mkuu, nimehifadhi. Maswali mawili: naweza kutumia mtindi badala ya maziwa? Na huku kwetu dukani kuna unga uliokwisha kutiwa bekingi pauda, unafaa?

#3 UngaNaMizani

Dada Zawadi, mtindi unafaa, na ladha yake mimi naipenda zaidi. Tumia mtindi ml 300 na maziwa au maji ml 60, maana mtindi ni mzito. Bekingi pauda ishuke iwe kijiko cha chai 1, na uongeze nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Asidi ya mtindi na soda vinakutana na kutoa gesi palepale, kwa hiyo rojo la mtindi lipikwe ndani ya nusu saa. Soda isizidi kipimo hicho: ikizidi wafo zinakuwa na ladha ya sabuni na zinababuka nje kabla ya ndani kuiva. Na naongelea ile nyeupe laini ya pakiti, si magadi ya mawe ya kupikia maharage.

Unga wenye bekingi pauda ndani utumie, ila usiongeze nyingine, chumvi iwe robo kijiko, na wanga uache vilevile.

#4 Kaka_Oveni

Mkuu UngaNaMizani, vipimo viko sawa, lakini umeruka kitu kikubwa: kutenganisha mayai. Wafo za mtindo wa Brussels, zile nene zenye mashimo makubwa, wepesi wake unatoka kwenye hamira au kwenye ute uliopigwa. Viini viende na maziwa. Ute upige peke yake kwenye bakuli kavu lisilo na chembe ya mafuta mpaka usimame na ncha ijikunje, tia kijiko kimoja cha sukari uliyoiweka kando, kisha uchanganye na rojo kwa awamu tatu, ukiinua kutoka chini kwenda juu. Mistari myeupe ikibaki kidogo si neno.

#5 UngaNaMizani

Sijaruka kwa bahati mbaya, Kaka. Ute unaleta wepesi, nakubali, lakini povu linaanza kushuka dakika 15 baada ya kuchanganya. Kwa mashine inayotoa wafo moja moja kila dakika 5, ya sita inaingia dakika 25 baada ya ya kwanza, na tofauti inaonekana kwenye sahani. Kwa watu wawili fanya. Kwa familia ya watu sita napendelea rojo lisilobadilika.

#6 Kaka_Oveni

Hapo nimekuelewa. Basi mwenye watu wengi agawe ute mara mbili: nusu apige mwanzoni, nusu apige rojo likifika katikati. Mimi bado nasema ile mashine ya mashimo marefu bila ute au hamira haitendewi haki.

#7 BintiMwambao

Habari zenu. Niwape ya hamira, maana ndiyo inayomfaa mtu anayetaka kuamka, kuwasha mashine na kupika bila kupima chochote.

Usiku: unga g 250, hamira ya chembe ndogo robo kijiko cha chai, sukari kijiko cha chakula 1, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, maziwa vuguvugu ml 400, siagi iliyoyeyushwa g 100. Koroga, funika. Asubuhi tia mayai 2 na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, koroga, pika. Rojo linakuwa jepesi kuliko la bekingi pauda, msishtuke.

Angalieni kipimo cha hamira. Maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani yanasema kijiko kizima na kuacha rojo mezani usiku kucha. Yameandikwa kwa jikoni lenye nyuzi 18 au 20. Pwani usiku wa mwezi wa pili jikoni lina nyuzi 28 na zaidi, hamira inamaliza sukari yote kabla ya alfajiri, rojo linapanda, linaanguka, linanuka pombe, na wafo zinatoka zimepauka kwa sababu sukari ya kuzipa rangi imeliwa. Kwa hiyo robo kijiko, liache nje saa moja mpaka uone vipovu vya kwanza, halafu friji mpaka asubuhi. Litoe nusu saa kabla ya kupika. Bakuli liwe na nafasi mara mbili ya rojo, la sivyo utaosha friji.

Walio Arusha, Lushoto, Limuru na kwingine kwenye baridi wanaweza kuliacha nje usiku kucha kwa kipimo hichohicho.

#8 Limuru_Jikoni

Nathibitisha ya baridi, huku kwetu mwezi wa saba inabidi hata robo iwe nusu kijiko.

Swali langu: mashine mpya ya umeme, rojo nimefuata la mwanzo wa uzi, lakini wafo zinachukua dakika 10 na bado ni za rangi ya krimu. Dakika zikizidi zinakauka mpaka ndani.

#9 FundiWaya

Mkuu Limuru, hapo usilaumu rojo kwanza, pima umeme. Nguvu ya kipasha joto inafuata mraba wa volti. Mashine ya wati 1,000 iliyoundiwa volti 230, ikipata 190 inatoa wati 680 hivi. Theluthi ya joto imepotea. Maji yanatoka polepole, uso hauwahi kufika joto la kubadilika rangi, na wafo inakauka bila kuiva vizuri. Ndiyo hasa uliyoyaeleza.

La kufanya: chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mrefu mwembamba wenye birika na pasi juu yake. Pika saa ambayo mtaa haujawasha kila kitu. Kati ya wafo moja na nyingine funga mashine tupu dakika 2 ichukue joto. Na ukinunua, angalia wati zilizoandikwa chini ya mashine: ya wafo moja nene isipungue wati 900. Zile ndogo za sm 10 hata wati 350 zinazitosha kwa sababu chuma chenyewe ni kidogo.

Jingine kwa wanaoletewa zawadi na ndugu wa Marekani: mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 inavuta karibu mara nne ya nguvu yake na kuungua hapohapo. Kibadilisha plagi hakibadilishi volti. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa mashine ya wati 1,000 chukua transfoma ya wati 1,500, maana inafanya kazi nusu saa mfululizo.

#10 Limuru_Jikoni

Kumbe. Ilikuwa kwenye waya pamoja na birika. Nitajaribu ukutani. Na rangi inaweza kuongezwa kwa sukari?

#11 UngaNaMizani

Inaweza, kijiko kimoja zaidi cha chakula na usipite hapo. Sukari inanata kwenye mashimo na kuungua. Ya maziwa pia inasaidia rangi, ndiyo maana ukipika kwa maji matupu wafo zinapauka.

#12 Zawadi_K

Na wasio na umeme wa uhakika? Nimeona ile ya chuma ya kugeuza juu ya jiko la gesi.

#13 BintiMwambao

Ile ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, dada, kwa sababu gesi haipungui nguvu katikati ya kazi. Ila inahitaji mkono. Ipashe ikiwa imefungwa dakika 3 kila upande, moto wa wastani, ulimi wa moto usitoke nje ya chuma. Dondosha tone la maji: likichemka na kurukaruka, tayari. Paka mafuta pande zote mbili na ndani ya mashimo, mimina, funga, na geuza palepale, usisubiri. Ukigeuza mara moja rojo linaingia kwenye mashimo ya juu kabla halijaganda. Ukichelewa upande mmoja unatoka bapa. Halafu dakika 2 hadi 3, geuza, dakika 2 tena. Moto wa gesi unapiga zaidi katikati, hivyo kila baada ya dakika sogeza chuma kidogo pembeni, kila pembe ipate zamu yake.

Chuma cha aluminiamu kisichopakwa kitu kinanata kwenye wafo ya kwanza mara nyingi. Pika ya kwanza na mafuta mengi, ndiyo inayotengeneza chuma kwa ajili ya zinazofuata.

#14 Juma_Sahani

Yangu inanata zote, si ya kwanza tu. Mashine ya umeme, isiyonatisha eti, ina mwaka. Napulizia mafuta ya kopo kila mara.

#15 Kaka_Oveni

Ndugu Juma, hayo mafuta ya kopo ndiyo yanayokuletea tabu. Mengi yana lesithini, inabaki juu ya chuma, inaungua na kujenga utando wa kahawia unaonata. Kila unavyopulizia zaidi ndivyo kunavyonata zaidi. Pasha mashine kidogo, izime na uitoe kwenye umeme, paka mafuta ya kula ya kawaida, acha dakika 10, sugua kwa mswaki laini, futa kwa kitambaa chenye maji ya moto na tone la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa cha maji matupu. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Usitumbukize mashine kwenye maji, usitumie steelwool wala kisu. Baada ya hapo brashi na mafuta ya kawaida tu, safari ya kwanza na kila baada ya wafo mbili.

Pia hakikisha hujapunguza siagi kwenye rojo. Watu wanaona g 90 ni nyingi wanaweka g 30. Mafuta ya ndani ndiyo yanayoachanisha wafo na chuma.

#16 UngaNaMizani

Tufike kwenye vya kuwekea juu, maana ndipo wafo nzuri nyingi zinapoharibiwa.

Kanuni ninayoifuata kwa karibu kila tunda bichi lenye maji: likate, litie sukari kidogo, liweke kwenye chujio juu ya bakuli dakika 20 hadi 30. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya tunda. Yale maji yaliyodondoka yachemshe kwenye sufuria pana mpaka yawe mazito ya kushika mgongo wa kijiko, yapoe, ndipo uyarudishe kwenye vipande. Unapata ladha yote bila maji ya ziada. Na kitu cha mafuta kikae kati ya wafo na tunda: siagi, krimu au mtindi mzito. Mafuta yanazuia maji yasipenye haraka.

Embe. Msimu mkubwa wa pwani ni kuanzia Novemba hadi Februari, Machi kwa baadhi ya sehemu. Chagua isiyo na nyuzi nyingi, apple au Kent, iliyoiva lakini bado imekaza. Nyama g 500, vipande vya sm 1, sukari kijiko cha chakula 1 na nusu, maji ya ndimu kijiko cha chakula 1, chembe ya chumvi. Chujio dakika 20, maji yake yachemshe na iliki 2. Embe zenye nyuzi nyingi zisage, zichuje, upike mpaka zipungue nusu; hiyo ni sosi nzuri kabisa.

Nanasi. Hapa pana mtego. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, kikigusa krimu au mtindi vinalegea na kuwa vichungu ndani ya dakika chache. Joto linakiua. Kwa hiyo nanasi daima lipikwe: vipande g 400 kwenye kikaango kikavu cha moto mkali mpaka maji yake yakauke, ndipo utie siagi kijiko 1, sukari guru vijiko 2 na mdalasini, dakika 8 hivi, mpaka kingo ziwe za kahawia. Nanasi za Kiwangwa zina sukari yake ya kutosha, kwa hizo kijiko kimoja cha sukari guru kinatosha.

Machungwa. Katikati ya mwaka ya Muheza yanapojaa sokoni, kamua ml 250, chemsha yabaki theluthi, zima moto na upigie humo siagi g 20. Vipande vya chungwa vyenyewe vimenywe mpaka ngozi nyeupe yote iishe, ile ndiyo yenye uchungu.

Ndizi. Hazina msimu, ndizo za kuokoa jahazi miezi ambayo matunda mengine yamepanda bei. Sukari g 60 kwenye kikaango mpaka iyeyuke na kuwa rangi ya chai ya rangi, siagi g 30, tui zito ml 80 (litaruka, simama mbali), chumvi kidogo. Ndizi zilizokatwa ziingie sekunde 30 za mwisho, la sivyo zinapondeka.

#17 Msambaa_wa_Juu

Mkuu umesahau plamu za Lushoto, kuanzia Desemba zinajaa barabarani. Hazihitaji chujio. Plamu g 500, toa kokwa, usimenye, sukari g 80, maji vijiko 3, kijiti kimoja cha mdalasini, moto mdogo dakika 12. Zina pektini nyingi, kwa hiyo mchuzi wake unashikana wenyewe ukipoa. Ukiupika mpaka uonekane mzito ukiwa jikoni, mezani utakuta jemu ngumu. Uzime ukiwa bado mwepesi kidogo.

#18 Limuru_Jikoni

Stroberi, kwa vile huku tunazo karibu mwaka mzima: zioshe kabla ya kutoa vikonyo, si baada, maana tunda linanyonya maji pale lilipokatwa. Zikaushe kwa kitambaa. G 400, sukari vijiko 2 vya chakula, dakika 20. Hizi sizipiki, zikipikwa zinapoteza harufu. Napika maji yake tu.

Kwa waliouliza kwa nini picha zote za wafo zina stroberi na krimu: mwaka 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York familia ya Maurice Vermersch kutoka Ubelgiji iliuza wafo za Brussels hivyo, zikapendwa mno, na mtindo ukabaki. Si sheria. Matunda damu yaliyopikwa na sukari sawa na robo ya uzito wake, yakachujwa mbegu na kuongezwa pasheni mbili, yana ukali unaokata mafuta ya krimu kuliko stroberi.

#19 Maskati_na_Unguja

Salaam kutoka Maskati. Huku kuanzia mwezi wa sita tuna rutabu, tende mbichi laini. Zina maji machache na sukari yake yenyewe, hazilainishi wafo. Toa kokwa, zipasue, zigeuze kwenye siagi ya moto dakika moja na ufuta uliokaangwa, kisha mtindi uliochujwa juu. Sukari ya kwenye rojo ishushwe iwe kijiko 1. Asali ya tende ni nzito na tamu sana, kijiko cha chai kwa wafo moja kinatosha.

#20 Zawadi_K

Krimu hapa Dar inayeyuka kabla sijafika mezani. Nini mbadala?

#21 BintiMwambao

Dada, kwanza soma pakiti: krimu isiyofika asilimia 30 ya mafuta haisimami hata ukiipiga mpaka Magharibi. Ikiwa inafika, weka krimu, bakuli na kipigio kwenye friza dakika 15, piga ml 250 na sukari ya unga kijiko 1 na nusu, acha inapoanza kusimama. Ukizidisha inakatika na kuwa siagi.

Mbadala wa kwanza ni mtindi: nusu lita kwenye kitambaa safi juu ya chujio, ndani ya friji usiku kucha. Inabaki karibu nusu, mzito, hauyeyuki, na uchachu wake unakaa vizuri na embe.

Wa pili ni tui. Nazi moja kubwa, ikune, ikamue kwa maji vuguvugu ml 150 tu, tui la kwanza peke yake. Friji saa 6. Juu linaganda, chini yanabaki maji. Chukua lile la juu, lipige na sukari ya unga kijiko 1. Halisimami kama krimu ya maziwa, linakaa zito la kumiminika polepole, na liliwe palepale.

#22 Juma_Sahani

Mswaki na mafuta vimefanya kazi, utando umetoka wote. Shukrani Kaka_Oveni.

Nyumbani kuna mtu hali ngano. Unga wa muhogo unafaa?

#23 BintiMwambao

Muhogo peke yake unatoa wafo ya kuvutika ndani, wengine hawaipendi. Bora rojo la vitumbua, tunalijua sote. Mchele g 400 uliolowekwa usiku kucha, umwage maji, usage na tui ml 320 mpaka usihisi chenga ukisugua kwa vidole, sukari g 80, hamira kijiko cha chai 1, iliki. Liumuke saa moja.

Sasa sikiliza hapa: kitumbua kinapata mafuta yake kutoka kwenye chuma, kila shimo unalitia mafuta. Mashine ya wafo haina mafuta ya kuogelea, kwa hiyo lazima yaingie ndani ya rojo. Baada ya kuumuka tia yai 1 na mafuta vijiko vya chakula 3. Ukiacha hivyo viwili litanata na utabandua vipande vipande. Lipe dakika 7 hadi 8, mchele unachukua muda kuliko ngano. Linatoka la kukauka sana nje, na linabaki hivyo muda mrefu zaidi. Kwa embe au ndizi za sukari ya tui, mimi naliweka mbele ya lile la ngano.

#24 Kaka_Oveni

Hilo la vitumbua ni zuri mno, na kwa mashine ya mashimo madogo ndilo lenyewe. Lisiwe zito: liwe jepesi kidogo kuliko rojo la ngano, chembe za mchele zinaendelea kunywa maji likisubiri.

#25 Zawadi_K

La mwisho kutoka kwangu. Wageni 10, mashine moja. Nifanyeje wote wale za moto?

#26 UngaNaMizani

Njia mbili, dada.

Asubuhi hiyohiyo: oveni nyuzi 100, wafo zilale juu ya wavu wa waya, kila moja peke yake. Usizipange moja juu ya nyingine na usizifunike kwa foili wala hotpot, mvuke unaotoka kwenye moja unailowesha jirani yake na kazi yote imepotea. Zinakaa vizuri nusu saa. Asiye na oveni aweke wavu juu ya sufuria pana tupu kwenye moto mdogo kabisa.

Au pika Ijumaa: zitoe dakika moja kabla ya kukolea rangi, zipoe kabisa kwenye wavu, friza kwenye sinia bila kugusana saa 2, ndipo uzitie mfukoni na kutoa hewa. Zinakaa mwezi. Jumamosi zitoke friza moja kwa moja kwenye oveni nyuzi 180 dakika 6, au tosta mara mbili. Maikrowevu hapana, inazilainisha.

Kwa watu 10 zidisha vipimo mara mbili, lakini changanya mabakuli mawili tofauti, la pili ulikoroge la kwanza likikaribia kuisha. Bekingi pauda inaanza kazi ikilowa, rojo lililokaa zaidi ya saa moja linatoa wafo nzito. Matunda na sosi viwekwe mezani kwenye bakuli zake, kila mtu ajimiminie anapoanza kula.